Gauni la Matroni na Gia Namba 3

Ile sauti inayozunguka kwenye magrupu ni yangu, sikatai. Nilisema "Shemeji, pandisha gauni!" tena kwa kupaza, na kimaiki kilichobanwa kwenye koti la bwana harusi kikasikia vizuri kuliko mtu yeyote. Rafiki yangu mpiga video akaona akate kipande hicho tu, bila kabla wala baada, akawatumia nyie. Shangazi yangu wa Rombo ameshanipigia kuniuliza kama bado nasali. Basi kaeni niwape habari nzima, na mwenye kuisambaza aisambaze yote.

Harusi ilikuwa Desemba, Marangu, wakati kila Mchaga mwenye gari yuko mlimani. Mimi ndiye mwenyekiti wa usafiri kwenye kamati. Gari la maharusi lilikuwa Subaru Impreza WRX STI ya bluu, manyuo, yaani gia za kubadili kwa mkono, gia 6, na mwenyewe hakutaka kuliendesha kwa sababu siku hiyo alikuwa na miadi na mbege, pombe yetu ya ndizi. Akauliza nani anajua manyuo. Watu wakaangalia viatu. Nikanyoosha mkono. Leseni yangu niliipata kwa manyuo, kwenye pikapu ya chuo cha udereva iliyochoka, na tangu hapo naendesha IST, inayojibadilishia gia yenyewe. Hilo la IST sikulitaja, halikuulizwa.

Mwenye gari akanipa somo la harakaharaka pale nje ya kanisa, Himo. Klachi ni nzito na inakamata ghafla. Injini ni lita 2 yenye turbo, chini ya mizunguko 3,000 imelala, ikiamka imeamka. Rivasi haiingii mpaka uinue pete iliyo chini ya kichwa cha gia, kwa hiyo usiiogope. "Halafu," akasema huku macho yake yako kwenye ndoo ya mbege, "mkono wa gia ukiuacha nyutro unajirudisha katikati, mstari wa 3 na 4. Ukitaka 1, upeleke kushoto kwanza ndipo usukume mbele." Nikaitikia sawa, sawa. Watu wa mapambo nao walikuwa wameshindilia maua kwenye lile tundu la boneti, ambalo kazi yake ni kuingiza upepo wa kupoza hewa inayotoka kwenye turbo. Mwenye gari alipoona hivyo akaongeza kikombe.

Kupanda kutoka Himo nilikwenda vizuri hadi nikaanza maringo. Kwenye kona moja nikashusha kutoka 4 kwenda 3, nikaachia klachi bila kugusa mafuta kwanza. Gari likajikwaa kama mbuzi anayevutwa kwenda mnadani, na taji la bibi harusi likamtua puani.

"Shem, taratibu."

Nikamjibu kwamba magari ya mbio ndivyo yalivyo. Uongo. Kwa mwendo uleule, 3 inataka injini izunguke kasi kuliko 4. Usipoipandisha wewe kwa mafuta kidogo wakati klachi iko chini, magurudumu ndiyo yanayoilazimisha ipande, na bili inakuja kwenye shingo za abiria.

Sasa tufike Marangu Mtoni. Mnaopajua mnajua: ukishavuka daraja ukashika barabara ya kwenda geti la Mlima Kilimanjaro, mlima haukusubiri. Kifodi, kigari cha abiria, kilichokuwa mbele yetu kikasimama palepale mlimani kumshusha mama mmoja na mikungu yake ya ndizi. Mikungu, si mkungu. Nikasimama. Pikapu ya matarumbeta ikasimama nyuma yangu, karibu kiasi kwamba kwenye kioo nilikuwa naona mashavu ya mpuliza bomba kubwa yakijaa na kunywea.

Matroni alikuwa kiti cha mbele, kushoto kwangu. Gauni lake la satini lilikuwa na matabaka ambayo hata yeye nadhani hakuyajua yote, na nusu yake ilikuwa imemwagikia upande wangu, ikafunika mkono wa gia, ikafunika na hendibreki. Namba 1 iko kushoto. Kushoto kuna goti la matroni. Mume wa matroni ni mrefu na anafanya mazoezi. Mkono wangu ukaingia chini ya satini, ukakishika kichwa cha gia, na kwa heshima zote ukakataa kwenda kushoto. Nikasukuma mbele moja kwa moja. Ikaingia laini. Nikajisifu kimoyomoyo.

Kifodi kikaondoka. Nikaachia klachi. Gari likatetemeka, likazima.

Nikawasha tena. Safari hii nikakanyaga mafuta, mshale wa mizunguko ukapita 4,000, nikaachia klachi kidogo kidogo, nusu nusu, nikaiacha hapo katikati. Injini inanguruma, gari haliendi. Sahani ya klachi inasagika tu bila kukamata. Kwanza ikaja harufu. Bwana harusi akauliza, kwa upole sana, kama kuna mtu anachoma raba. Kisha ukaja moshi. Nikashtuka, nikazamisha klachi yote, na STI ikaanza kushuka kinyumenyume.

Pikapu ya matarumbeta ikarudi nyuma. Ya nyuma yake ikarudi nyuma. Msafara mzima ukaanza kurejea kanisani, na matarumbeta hawajaacha kupuliza hata noti moja! Nakanyaga breki huku napapasa hendibreki, nashika satini. Napapasa tena, nashika satini nyingine. Hapo ndipo nilipopiga ile kelele mnayoichezea wajukuu zenu.

Matroni akanitazama. Sitaeleza alivyonitazama.

Mpuliza bomba kubwa akashuka kwenye pikapu na bomba lake begani, akaja dirishani, akachungulia. Siku za kazi anaendesha Canter ya ndizi. "Mangi," akasema, "hiyo ni 3." Akamgeukia matroni: "Mama, samahani, kusanya nguo." Gauni likakusanywa. Hendibreki ikaonekana, nikaivuta. Akaniambia nipeleke kushoto, mbele, nipandishe mshale kidogo, nisikie pua ya gari inainuka, ndipo niteremshe hendibreki. Pua ikainuka. Tukaondoka, wenzake wakisukuma kwa nyuma kwa usalama, mmoja wao kwa mkono mmoja kwa kuwa wa pili ulikuwa na tarumbeta mdomoni.

Mengine ni mafupi. Ukumbini tulifika, ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ikakatwa, na mume wa matroni alinisalimia kwa mkono nikasikia mifupa. Giaboksi imeshushwa kwa fundi Moshi, klachi mpya ni juu yangu. Kiongozi wa matarumbeta naye amenitumia madai: mkataba ulikuwa kupuliza, kusukuma ni bei nyingine.

Jumapili ni kikao cha kuvunja kamati. Ajenda imeshabandikwa kwenye grupu, na namba 3 ni taarifa ya usafiri, kutoka kwa mwenyekiti. Katibu anaapa kwamba hiyo namba hakuichagua makusudi.