Swali Moja Lisiangushe Seva Nzima

Sisi tunaokabidhiwa seva za watu tukubaliane jambo moja: kill -9, amri ya kuua mchakato papo hapo, si njia ya kukatisha swali (ombi kwa hifadhidata) lililogoma kuisha kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Kila muunganisho una mchakato wake, lakini michakato yote inatumia kumbukumbu moja. Mmoja ukifa ghafla namna hiyo, mchakato mkuu hauwezi tena kuiamini kumbukumbu hiyo. Unawatoa wote waliokuwa ndani, kisha hifadhidata inaanza kujirekebisha kwa kusoma upya daftari lake la mabadiliko. Ripoti ya mhasibu imekatika, sawa, na mauzo ya kila mtu yamekatika nayo.

Tazama kwanza. pg_stat_activity inaonyesha nani anaendesha nini na tangu saa ngapi. Ukipata namba ya mchakato, tuseme 4312, andika SELECT pg_cancel_backend(4312). Swali linakatishwa, muunganisho unabaki. Ukikuta hali yake ni idle in transaction, hakuna swali la kukatisha: programu imefungua muamala (kundi la mabadiliko yanayothibitishwa pamoja) ikanyamaza, huku bado imeshikilia kufuli zake, zinazoweza kuwazuia wengine. Huyo ni wa pg_terminate_backend, inayokata muunganisho wenyewe na kufuta mabadiliko ambayo hayajathibitishwa. Kufunga tu dirisha kwenye kompyuta yako usikutegemee. Seva inaweza kuendelea na kazi bila kujua umeondoka.

Panapowachanganya wengi ni kwenye foleni ya kufuli. Ripoti ndefu inasoma jedwali la malipo. Anakuja mtu na ALTER TABLE ya kuongeza safuwima. Inabidi isubiri ripoti iishe. Kuanzia hapo kila swali jipya kwenye jedwali hilo, hata la kusoma mstari mmoja, linapanga foleni nyuma ya ALTER. Unaona maswali mengi yameganda, unaua moja moja, na programu inayatuma tena. Muulize pg_blocking_pids nani kamzuia nani. Wa kuondoa hapo kwa kawaida ni ALTER, kwa sababu ripoti peke yake haimzuii mtu kuingiza malipo.

Kwenye MySQL, hifadhidata nyingine, kuna KILL QUERY ya kukatisha swali, ila UPDATE (amri ya kubadilisha data) iliyokwisha kugusa mamilioni ya mistari lazima irudishwe nyuma, na kurudisha kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kuandika. Ukizima seva, kazi hiyo itaendelea seva ikiwaka tena. Vumilia.

Kinachonisikitisha ni kwamba mengi ya haya yanazuilika mapema. statement_timeout, kikomo cha muda wa swali kuendeshwa, huja ikiwa 0, yaani bila kikomo, na bado tunamkabidhi mtu wa ripoti akaunti hivyohivyo. Mimi naona huo ni uzembe. ALTER ROLE ripoti SET statement_timeout = '5min'; ni mstari mmoja tu. Usiweke kikomo hicho kwa seva nzima, kitakatisha hata kazi halali za usiku. Na kabla ya kugusa muundo wa jedwali lenye shughuli, weka lock_timeout, kikomo cha kusubiri kufuli, ya sekunde 3: ALTER ikikosa kufuli inaachia, foleni inasogea, nawe unajaribu tena watu wakipungua.