Mkurugenzi anashusha data saa tisa usiku

Bosi alichoka na malalamiko kwamba intaneti ya ofisi inakwama, akaagiza kwenye kikao nionyeshe kwenye projekta nani anaikula. Rahisi tu, rauta inatoa takwimu, programu ya ripoti inazipokea, na ili watu wasisumbuke na manamba ya IP, yaani anwani za mashine mtandaoni, programu inaiuliza DNS, daftari la mtandao linalolinganisha majina na anwani, kinyumenyume: hii anwani ni ya nani?

Sasa aliyenitangulia kazini, Mungu ampe maisha marefu huko aliko, yale majina ya kinyume aliyaandika kwa mkono, moja moja, halafu akaondoka. Anwani zenyewe zinagawiwa na DHCP, huduma inayozigawa yenyewe kwa mashine, leo ya huyu kesho ya yule, majina yamebaki palepale. Hayo nimeyajua baadaye. Siku ya kikao nilibonyeza tu, grafu ikafunguka ukutani, na namba moja, kwa mbali kabisa, magigabaiti kwa magigabaiti saa tisa usiku, ni laptop-mkurugenzi.

Kimya. Mhasibu akainamia daftari lake, mabega yanacheza.

"Mimi saa tisa usiku nimelala!" bosi akafoka. Jamaa wa masoko akadakia, "Mzee, hakuna aliyesema hujalala," na hapo ndo akaharibu kila kitu.

Nikafungua dirisha jeusi palepale jasho linanitoka. Anwani ilikuwa 192.168.10.45, nikaangalia MAC yake, namba ya kadi ya mtandao ya kifaa, maana tarakimu sita za mwanzo kwa kawaida zinakutajia kiwanda, kumbe ni watengeneza kamera za ulinzi. Yaani ile mashine ya kurekodia kamera za getini, kila usiku inapandisha video mtandaoni, ndo imekalia anwani ya zamani ya bosi.

"Rekebisha sasa hivi, wote tunaangalia." Haya.

Dogo wa fildi akajitolea kuandika, nikamwachia kibodi. Kwenye zoni ya kinyume, yaani faili la yale majina ya kinyume, anwani inageuzwa nyuma mbele, 192.168.10.45 inakuwa 45.10.168.192.in-addr.arpa, hiyo dogo aliipatia vizuri. Kilichomponyoka ni nukta ya mwisho wa jina. Ukiisahau, seva inaona jina halijaisha, inakubandikia mkia wa zoni nzima. Tukauliza tena, ukutani ikatoka hivi:

kamera.ofisi.lan.10.168.192.in-addr.arpa

Bosi akavua miwani akaifuta akavaa tena. "Na huyu Arpa ni nani? Ameajiriwa lini?"

Mhasibu akatoka nje, nadhani alienda kucheka kwa uhuru zaidi. Nikaeleza kwamba hilo jina limebaki tangu enzi za ARPANET, mtandao uliozaliwa 1969 na kuzaa hii intaneti yetu, bosi akaniangalia kama namficha mfanyakazi hewa.

Dogo akaweka nukta, akapakia upya. Tukauliza: kamera. Tukauliza tena: laptop-mkurugenzi. Tena: kamera. Seva za DNS zipo mbili, ya pili inanakili kutoka ya kwanza, na dogo hakupandisha namba ya siriali ya zoni, ile inayoonyesha kuna toleo jipya, kwa hiyo seva ya pili ikiangalia inaona hakuna jipya, inaendelea kumchongea mzee kwa moyo mmoja. Kila likitokea jina lake jamaa wa masoko anakohoa. Siriali ikapandishwa, ikatulia, lakini ripoti ukutani bado ikang'ang'ania laptop-mkurugenzi kwa sababu ilishahifadhi jibu la zamani na TTL, muda wa kutunza jibu, ni sekunde 86400, yaani siku nzima. Kuieleza TTL kwa mtu mwenye hasira, we acha tu.

Siku hizi DHCP yenyewe ndo inaandika jina kila ikigawa anwani, hakuna mkono wa mtu. Leo nimetoa ripoti mpya. Namba moja ni kamera, sawa. Namba mbili, saa nane mchana, video tupu, ni laptop-mkurugenzi, na MAC nimeihakiki mara mbili ni yake kweli. Bado sijaituma.