Hata Kama Angevuta

Katika matanga ya shangazi yangu, aliyefariki kwa saratani ya mapafu, kule Umoja, Nairobi, mama mmoja aliyekuja na wenzake wa chama alimshika mkono binti wa marehemu, akampa pole, kisha akamuuliza kwa mnong'ono uliosikika hema zima: "Kwani alikuwa akivuta sigara?" Binti akajibu kwamba hakuwahi kuvuta hata moja. Mama yule akashusha pumzi, akasema, "Basi hakustahili," akaketi na kupokea chai yake.

Hakustahili! Yaani angevuta, tungemzika kwa nusu ya machozi na mchango wa hospitali tuurudishe kwa wenyewe?

Nakiri, tena shingo upande, kwamba swali lile halikuzuka hewani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takribani asilimia 85 ya visa vya saratani ya mapafu hutokana na tumbaku, na tangu watafiti Waingereza Richard Doll na Austin Bradford Hill walipochapisha mwaka wa 1950 utafiti wao wa wagonjwa wa London uliohusisha sigara na ugonjwa huo, wanaobisha wamebaki wachache, wengi wao wakiwa na sigara za kuuza. Lakini sijasikia mtu akiulizwa matangani kama marehemu wa kisukari alipenda soda, wala kama aliyefariki kwa shinikizo la damu alikuwa mkono mzito wa chumvi. Mgonjwa wa mapafu peke yake ndiye anayefunguliwa mashtaka akiwa ndani ya jeneza.

Na swali hilo huanza kuua mapema, kabla ya matanga. Shangazi alikuwa akiimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa, na alipoanza kukohoa, kila mtu, naye mwenyewe akiwemo, aliona ni vumbi. Duka la dawa likampa antibiotiki mara mbili. Hatimaye akapigwa eksirei, kikaonekana kivuli upande wa kushoto, na ingawa makohozi yake hayakuonyesha vijidudu vya kifua kikuu, alianzishiwa dawa za TB, kwa sababu katika mji huu kivuli pafuni huitwa TB mpaka kikatae jina hilo chenyewe. Mkojo ukageuka rangi ya chungwa kwa dawa hizo, naye akatutania kwamba sasa anatengeneza sharubati. Simlaumu sana daktari yule. TB ipo, ni nyingi, na dalili zake ni zile zile: kikohozi kisichoisha, damu kwenye makohozi, kilo zinazopungua. Ninachoshindwa kusamehe ni kwamba miezi ilipita, kikohozi kikiendelea, bila mtu yeyote kuuliza inaweza kuwa nini kingine, na mara ya kwanza saratani ilipotajwa, muuguzi mmoja alisema haiwezekani, mama huyu havuti.

Kisha sauti ikakauka. Wanakwaya wakampa asali na tangawizi, nami nilimsagia tangawizi hiyo kwa mikono yangu. Baadaye sana ndipo nilipoelezwa kwamba neva inayoendesha nyuzi za sauti upande wa kushoto hushuka hadi kifuani, ikapita chini ya mshipa mkuu wa damu, ndipo ipande tena kooni, hivyo uvimbe ukiwa mahali pale huibana na mtu akabaki akizungumza kwa pumzi tupu. Nikaelezwa pia kwamba nyama ya pafu yenyewe haisikii maumivu, kwa hiyo uvimbe unaweza kukua humo kimya kimya hadi uguse utando au mbavu. Skani ilipopigwa na kipande cha uvimbe kikapimwa, kifua kilikwisha kujaa maji. Yalitolewa kwa mpira uliotiririsha kwenye chupa chini ya kitanda, na binti yake akawa anaandika kipimo cha kila asubuhi katika daftari la shule, kana kwamba ni hesabu za maziwa.

Kwa hiyo asiyevuta hashukiwi, naye anayevuta hujificha. Na tukiwa tumewatengea wavutaji vibanda vyao katikati ya jiji, sisi watakatifu tunapanga foleni nyuma ya matatu inayotapika moshi mweusi wa dizeli, moshi ambao wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka mwaka wa 2012 katika kundi moja na tumbaku, yaani la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani.

Bawabu wa ploti yetu anavuta tangu ujana, hununua moja moja kioskini pamoja na peremende, na amekuwa akikohoa tangu kabla ya msiba wetu. Nilipomsihi aende hospitali, alicheka, halafu akaacha kucheka. "Wataniuliza kama navuta, mwalimu." Nikamwambia ndiyo, watauliza, kwa sababu daktari huuliza ili ajue pa kutafuta, na kwamba nikimsikia mtu mwingine yeyote akimuuliza nitajibu mimi. Alikwenda Jumatano. Amerudi na bahasha ya kaki ambayo hajataka niifungue, na barua ya kumtaka arudi kupigwa skani. Tumekubaliana kwamba siku hiyo tutakwenda pamoja.