Kuvunja nitrojeni si tatizo tena, tatizo ni elektroni

Bondi tatu inayoshika atomi mbili za nitrojeni hukatika kwa kilojuli 945 kwa moli. Viwanda vya Haber-Bosch, vinavyotengeneza amonia kwa nitrojeni na haidrojeni, huivunja kwa kichocheo cha chuma, nyuzijoto 400 hadi 500 za sentigredi, na mgandamizo wa mara 150 hadi 250 ya hewa ya kawaida. Mwaka 1995 Laplaza na Cummins, wa MIT, waliivunja kwenye joto la chumba kwa kompleksi ya molibdenamu, yaani atomi ya metali hiyo iliyozungukwa na vikundi vya atomi vilivyoishika. Ndipo wengine wakaanza kuuliza tanuru hizo ni za nini.

Kemia yenyewe inastahili sifa. Molibdenamu ile imezingirwa na vikundi vitatu vinene vya aina hiyo (ligandi) vya amidi, ambavyo huzuia atomi mbili za metali zisishikane zenyewe. Kompleksi mbili huibana nitrojeni huku na huku, kila moja ikitoa elektroni 3, na bondi huachia.

Lakini nishati haikutoka hewani. Kilicholipia ni nitridi mbili zinazobaki, yaani nitrojeni zilizofungwa na metali, kila nitrojeni ikiwa imeng'ang'ania molibdenamu kwa bondi tatu mpya. Kuibandua ili iwe amonia kunadai protoni na elektroni, na hapo ndipo mambo huharibika.

Yandulov na Schrock, mwaka 2003, walipita njia nyingine: nitrojeni hupewa protoni na elektroni kwa zamu ikiwa bado haijakatika. Asidi, inayotoa protoni, ikikutana na kitoa elektroni moja kwa moja, unapata gesi ya haidrojeni. Kwa hiyo kitoa elektroni kilidondoshwa kwa pampu kwa saa 6, ndani ya heptani, ambamo chumvi ya asidi haiyeyuki vizuri. Hata hivyo walipata molekuli za amonia zisizofika 8 kwa kila molibdenamu, na theluthi moja hivi ya elektroni ikapotea.

Kundi la Nishibayashi, mwaka 2019, lilifikisha 4,350 kwa kila molibdenamu, kwa samari diayodidi, chumvi inayotoa elektroni, na maji. Rekodi ya kweli wakati huo, ila piga hesabu: kila amonia hula elektroni 3, yaani moli 3 za samari diayodidi, gramu 1,212 kwa gramu 17 za amonia. Kilo moja ya amonia, kilo 71 za chumvi hiyo!

Watetezi wa njia hizi hujibu, kwa haki, kwamba haidrojeni ya viwandani nayo hutoka zaidi kwenye gesi asilia na kuacha kaboni dayoksaidi. Basi samari irejeshwe kwa umeme. Ugumu ni kwamba samari iliyokwisha kutoa elektroni huikumbatia oksijeni ya maji kwa nguvu, na kuirudisha hudai volti nyingi.