Abakaviri: Kipimo cha Vinasaba Huilinda Dawa

Wasiotaka kipimo cha HLA-B*57:01, kinasaba kinachomweka mtu hatarini kupata mzio mkali wa abakaviri, dawa ya VVU, katika hospitali zetu za Malindi na Lamu husema Waafrika wenye kinasaba hicho ni wachache, hivyo abakaviri ibaki kwenye orodha ya dawa bila sharti. Wana hoja. Mtoto wa chini ya kilo 30 mwenye VVU huanzishwa abakaviri, lamivudini na dolutegraviri, na kumsubirisha majibu ya maabara ya mbali ni kuvipa virusi nafasi. Tena, katika PREDICT-1, utafiti wa mwaka 2008 uliojaribu kipimo hiki kwa wagonjwa wa VVU, karibu nusu ya wenye kinasaba hicho hawakupata mzio uliothibitishwa. Anayenyimwa abakaviri huenda akapewa zidovudini, dawa nyingine ya VVU inayoweza kupunguza damu, na watoto wenye damu pungufu Pwani si haba.

Lakini hao "wachache" ni wa wapi? Katika sampuli za HapMap, mradi wa kimataifa wa kulinganisha vinasaba vya watu, Wamaasai wa Kinyawa walikuwa na asilimia 13.6, Waluhya wa Webuye asilimia 3.3, Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, sifuri. Wawili wa kwanza ni Wakenya, na bado mmoja amemzidi mwenzake mara nne. Kliniki ya Malindi hupokea Mgiriama, Mbajuni, Mpokomo, Morma, na Mmaasai aliyekuja kufanya kazi hotelini. Kamati ya dawa ikiwapitisha wote kwa sifuri ya Ibadan, inabahatisha maisha ya watu.

Kisha kuna faida isiyotajwa sana. Mzio wa abakaviri kwa kawaida huja ndani ya wiki sita za mwanzo: homa, vipele, kutapika, kuharisha, na kila dozi huzidisha. Mtoto akiletwa hivyo baada ya masika, ni mzio au malaria? Katika kundi la PREDICT-1 lisilopimwa, madaktari walishuku mzio kwa asilimia 7.8 ya wagonjwa. Uliothibitishwa kwa kipimo cha ngozi ni asilimia 2.7. Yaani shaka mbili kati ya tatu hazikuthibitishwa, na dawa nzuri ikakatizwa. Kwa waliopimwa kwanza, mzio uliothibitishwa ulikuwa sifuri. Kwa hiyo jibu la "hana" humpa tabibu ujasiri wa kutibu malaria na kuiacha ARV iendelee.

Ucheleweshaji nao una dawa. Dozi ianze siku ileile damu inapotolewa, kwenye kadi ya DBS (ya matone ya damu yaliyokaushwa) kama ile ya kupima watoto wachanga. Ikaushwe vizuri kivulini, ifungwe na kifuko cha kunyonya unyevu. Hata ikitoka Faza kwa boti hadi Mokowe haihitaji barafu. Majibu yakionyesha kinasaba kipo, dawa ibadilishwe hata kama mtoto hana dalili. Yaandikwe kwenye faili na kitabu cha kliniki, maana hayabadiliki maisha yote.

Ila aliyewahi kupata mzio asirudishiwe abakaviri hata kipimo kikisema hana: kuirudia kunaweza kumuua ndani ya saa chache.