Kazini kwetu tunasalimiana vizuri, ila hatusemi

Mizani ya stoo yetu ilikuwa mbovu. Kila gunia la sukari lililoingia ililizidishia karibu kilo nzima, na sote tulijua: wapagazi walijua, dereva wa folklifti alijua, na mimi karani niliyekuwa nikiandika zile kilo kwenye daftari nilijua kuliko wote. Sukari ikitoka ilipimwa upya kwenye mashine ya kufungashia, ambayo ilikuwa sahihi. Basi kila mwisho wa mwezi hesabu ya stoo ikaja pungufu, na upungufu ule tukakatwa makarani kwenye mshahara. Tulikatwa miezi minne. Asiyejua habari ya mizani alikuwa bosi peke yake, na hakuna aliyethubutu kumwambia, kwa sababu mizani aliinunua yeye mwenyewe. Mwezi wa tano tukapata dawa yetu: tukaanza kuandika kilo moja pungufu kwa kila gunia, kimya kimya, na hesabu ikatulia.

Hiyo ilikuwa Dar es Salaam, upande wa Barabara ya Nyerere, nilikofanya kazi miaka 6. Sasa niko Ujerumani, kwenye kiwanda cha mikate nje kidogo ya Hamburg, zamu ya usiku. Kila ndugu zetu wanapobishana kama kazi za Ulaya zinashinda za nyumbani, mjadala unakimbilia kwenye mshahara. Mshahara ni mkubwa kweli, sina la kubisha. Lakini mimi kinachonikosesha usingizi ni kingine: jinsi watu wanavyoishi pamoja kazini. Nani anasema, nani ananyamaza, na watu waliotoka kila pembe wanakaaje chini ya paa moja.

Nianze na sifa yetu, maana tunastahili. Pale stoo tulikuwa watu 11. Kulikuwa na Mpare na Mchaga ambao hawakumaliza asubuhi bila kurushiana maneno ya ubahili na ya kupenda hela, Mzaramo na Mnyamwezi watani wa tangu enzi za misafara, Mmakonde, Mhaya, dada mmoja wa Unguja. Idi tulikula pilau kwa Waislamu, Krismasi tukahamia kwa Wakristo, na zote mbili ni sikukuu za taifa, hakuna aliyeomba ruhusa. Mama yangu alipofariki, wenzangu walichanga, wakakodi Coaster, wakanifuata hadi Muheza. Mhasibu alilala kwenye mkeka msibani usiku mzima. Wataalamu wa uongozi wanatofautisha utofauti wa juu, yaani rangi, kabila, umri na jinsia, na utofauti wa ndani, yaani imani na namna mtu anavyoyaona mambo. Ule wa juu sisi tuliumaliza zamani, kwa utani tu, bila semina wala mshauri wa kulipwa.

Ila ule wa ndani tuliufunika. Watu 11, vichwa 11, lakini bosi alipoingia tulikuwa na wazo moja tu, lake. Kabla ya habari ya mizani, kijana mmoja wa upakiaji aliwahi kusema kikaoni kwamba tairi za lori zimekwisha. Bosi akacheka, akamwita mjuaji. Wiki iliyofuata akahamishiwa getini kulinda. Hakufukuzwa, hakutukanwa. Alihamishwa tu, na sote tukaelewa.

Sasa njoo Hamburg. Kwenye mstari wetu yuko mama mmoja wa Kisiria. Kijerumani chake kilikuwa kidogo, na alikuwa na miezi michache tu kazini. Usiku mmoja toroli la mikate midogo yenye ufuta liliingizwa kwa makosa kwenye mstari wa mikate isiyo na ufuta. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya ufuta ni miongoni mwa vitu 14 vinavyoleta mzio ambavyo lazima vitajwe kwenye chakula, kwa sababu kuna watu ufuta unawaua. Yule mama aliona mbegu moja, akabonyeza kitufe chekundu. Mikanda yote ikasimama. Moyoni nikasema, masikini, amekwisha huyu.

Msimamizi wa zamu akaja mbio. Akamuuliza, umeona nini? Yule mama akaonyesha kwa kidole. Tulitupa mikate mingi usiku ule, na tuliosha mashine mpaka karibu alfajiri. Kisha msimamizi akatukusanya, akamshukuru mbele yetu sote, akauliza toroli lilipotelea wapi njia. Siyo nani alilisukuma. Aliuliza njia. Nilikaa na swali lile siku nyingi, kwa sababu kwetu swali la kwanza huwa ni nani.

Mwaka 1999 Amy Edmondson, mtafiti wa Harvard, aliandika juu ya jambo hili, akaliita usalama wa kisaikolojia ndani ya timu: imani kwamba hutaadhibiwa wala kudhalilishwa kwa kusema ulichokiona. Kabla ya hapo alikuwa amechunguza makosa ya dawa hospitalini, akakuta timu zenye viongozi wazuri ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Maelezo aliyoyapata ni kwamba kwenye timu zile watu hawakuogopa kuyataja, na kwingine makosa yalikuwepo yamefichwa. Nilipoisoma habari hiyo niliiona stoo yetu, yenye vitabu safi na kilo za kubuni.

Wapo watakaosema huo ni utamaduni wetu, Mwafrika anaheshimu wakubwa. Wanaweza hata kumtaja Geert Hofstede, Mholanzi aliyechambua majibu ya wafanyakazi wa IBM duniani yaliyokusanywa kati ya 1967 na 1973, akapima alichokiita umbali wa madaraka, yaani jinsi walio chini wanavyokubali kwamba madaraka hayagawanywi sawa; namba ikipanda, umbali umezidi. Ujerumani Magharibi ilipata 35. Afrika Mashariki ilipata 64. Lakini tazama alivyotupima: Tanzania, Kenya, Ethiopia na Zambia tulitiwa kapu moja, kwa majibu ya watu wa kampuni moja ya kompyuta. Mkulima wa Lushoto na mpagazi wa Kariakoo hawamo. Siikubali namba hiyo iwe hukumu yetu. Shikamoo haimzuii mtu kusema ukweli. Bibi yangu aliamkiwa na mtaa mzima, na mtaa mzima ulimkosoa barazani kwake, kwa adabu, naye akasikiliza.

Huku nako si kwamba Wajerumani wamezaliwa na ujasiri. Msimamizi wetu ni mtu wa makamo ya baba yangu, na tunamwita kwa jina lake tupu. Ilinichukua karibu mwaka mzima ulimi wangu kukubali. Nilidhani hapo ndipo siri ilipo. Sivyo. Mtu unaweza kumwita bosi kwa jina na bado ukamwogopa. Kinachowatoa hofu ni kwamba nyuma yao kuna kitu kinachoitwa Betriebsrat, baraza la wafanyakazi. Kampuni yenye wafanyakazi wa kudumu kuanzia 5 wanaweza kulichagua. Likishachaguliwa, mwajiri hapangi saa za kazi wala zamu bila ridhaa yake. Akitaka kumfukuza mtu lazima alisikilize kwanza, la sivyo barua yake ya kufukuza ni batili. Mjumbe wa baraza analindwa asifukuzwe hovyo. Na hili ndilo lililonigusa: tangu sheria ya 1972, asiye raia ana haki ile ile ya kupiga kura na kuchaguliwa. Bunge la Ujerumani simchagui mtu, lakini kiwandani kura yangu ni sawa na ya fundi aliyezaliwa hapa. Hata wafanyakazi wa wakala, walioajiriwa na kampuni nyingine, wanapiga kura, wakiwa wametumwa pale kwa zaidi ya miezi mitatu.

Ndugu zangu, kinachoniuma ni kwamba sisi tulikuwa nacho. Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 uliagiza mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Mwaka uliofuata ukaja Mwongozo wa TANU, uliosema ni mwiko kwa kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam waliyachukua maneno yale kwa uzito wake, wakawagomea mameneja waliowadharau, wengine wakawafungia milango. Halafu wakubwa wale wale walioandika Mwongozo wakaona moto umekuwa mkubwa, wakauzima. Leo mabaraza yapo kwenye taasisi za umma, lakini wengi niliozungumza nao wanalikumbuka baraza kama siku ya kupitishiwa bajeti na kupewa chakula cha mchana. Kampuni binafsi kama ile yetu haikuwa hata na hilo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri anayekata mshahara kwa sababu ya hasara amweleze mfanyakazi kwa maandishi, ampe nafasi ya kupinga, na asikate zaidi ya robo. Hatukupewa karatasi yoyote. Na hatukuidai.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani nimewasujudia wenyeji wangu. Kiwandani kwetu, ukipanda ngazi kutoka kwenye mashine kwenda ofisini, rangi za watu zinabadilika. Chini tuko Wasiria, Waghana, Waafghani, Wapolandi na mimi. Juu karibu wote ni Wajerumani. Sheria ya 2006 inakataza ubaguzi wa asili, dini, jinsia, umri na ulemavu, na ni sheria nzuri, ila mwenye kudai fidia ana miezi miwili tu ya kupeleka madai. Mgeni anayetafuta maneno kwenye kamusi, miezi miwili inampita akiwa bado anajiuliza kama alibaguliwa au hakuelewa.

Na upweke, huo ndio sijauzoea. Baba alipofariki nilipewa siku mbili na kadi yenye saini 14. Saini zilikuwa za kweli, naamini walisikitika. Lakini hakuna aliyekuja kubisha hodi, na niliporudi kazini hakuna aliyeniuliza aliumwa nini. Niliosha mabati ya mikate usiku kucha huku nikiikumbuka Coaster ya Muheza. Baraza la wafanyakazi linaweza kudai zamu yangu ibadilishwe Ramadhani, na lilifanya hivyo, mapumziko yakasogezwa hadi saa ya kufuturu. Haliwezi kumwagiza mtu aje akae nami.

Kwa hiyo mtu akiniuliza wapi ni bora, namjibu kwamba sisi tumeshika kile kigumu zaidi. Kumfanya Mchaga na Mpare wazikane ni kazi ya vizazi, haiandikwi na bunge. Kumlinda mtu aliyesema tairi zimekwisha kunaandikika, tena kwa kurasa chache, na tuliwahi kuziandika. Kwa hiyo sikubali tunapojisifu kwamba kazini hatuna ukabila kana kwamba tumemaliza.

Uchaguzi wa mabaraza hufanyika kila baada ya miaka minne. Mwaka 2022 nilipiga kura, na yule mama wa Kisiria alikuwa mgombea. Alipata kiti. Asubuhi ile, nikiwa bado na unga kwenye viatu, nilimpigia simu mwenzangu wa stoo ambaye yupo hadi leo. Nikamsimulia yote. Akauliza, "Na bosi, alikuwa amesimama wapi mlipokuwa mnapiga kura?" Nikamwambia hakuwepo, sheria haimruhusu kuuingilia.

Akanyamaza kidogo. Kisha akaniambia wamepata karani mpya, kijana mzuri kutoka Lindi, na kwamba juzi alikuwa anamfundisha kupunguza kilo moja kwenye kila gunia.