Kidonda hakiponi kwa kupigwa upepo

Kwenye mabenchi ya kusubiria matibabu hapa Dodoma kuna lalamiko lisiloisha. "Nesi kanifunga mara moja tu, eti nirudi baada ya siku nne. Si kitaoza humo ndani?" Anayelalamika hivyo hana ubaya. Amekua akisikia kwamba kidonda sharti kipate hewa, kikauke, kitoe kigaga, na ikibidi kufungwa basi kifungwe gozi kavu, kile kitambaa cheupe chepesi cha hospitali, na ibadilishwe kila siku. Nesi wake amefundishwa kinyume chake: kidonda kisafi kifunikwe, kibaki na unyevu wake, na kisifunuliwe bila sababu. Nyumbani ndugu wanamwambia mgonjwa kwamba amepuuzwa. Wengine hubandua lile bandiko usiku huohuo, wakamimina unga wa kapsuli za rangi mbili, na asubuhi wanamshukuru Mungu kwamba kidonda "kimeanza kukauka".

Upande wa nesi umesikilizwa kidogo mno.

Mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya uhuru wa Tanganyika, mtafiti wa Uingereza George Winter alichapisha matokeo ya kazi aliyoifanya kwa nguruwe wadogo. Aliwatia majeraha ya juujuu, mengine akayaacha wazi, mengine akayafunika kwa plastiki nyembamba. Ngozi mpya iliziba majeraha yaliyofunikwa kwa takriban nusu ya muda uliohitajiwa na yale yaliyoachwa wazi. Mwaka uliofuata watafiti wengine walijaribu kwa binadamu na kuona mwelekeo uleule. Sababu yake haina fumbo. Seli za ngozi huziba kidonda kwa kutambaa kutoka kingo kuelekea katikati, na zinatambaa vizuri pale palipo na unyevu. Kidonda kikikauka, kigaga kinakuwa kizuizi: seli hulazimika kuchimba njia chini yake, kwenye nyama iliyokauka na kufa, kabla hazijakutana. Zaidi ya miaka 60 imepita, na bado tunaona kigaga tukafurahi.

Lakini kinachonisumbua kuliko kigaga ni gozi kavu inapobanduliwa. Anayetaka kuelewa mjadala huu akae karibu na meza ya kufungia vidonda asubuhi moja. Majimaji ya kidonda yamepenya kwenye nyuzi za gozi na kukauka usiku kucha, kwa hiyo gozi na nyama vimeshikana. Nesi ana foleni ndefu, anashika ncha ya gozi na kuvuta. Mgonjwa anauma meno na kushika ukingo wa kitanda. Gozi inapoachia, chini yake kunatokeza vitone vyekundu vya damu, kimoja hapa, viwili pale, mpaka kidonda chote kimejaa. Ndugu aliyemsindikiza anatikisa kichwa kwa kuridhika, kwa sababu kwa macho yake uchafu umetoka.

Damu ile inatoka kwenye nyama mpya. Ile nyama nyekundu yenye chembechembe inayoota ndani ya kidonda imejaa mishipa midogo sana ya damu iliyojengwa jana na juzi, na ndiyo iliyokatika kwa kuvutwa. Kesho mwili utaijenga tena, na keshokutwa tutaing'oa tena. Mkulima wa zabibu wa hapa kwetu hawezi kung'oa vipandikizi vyake kila asubuhi aone kama vimeshika mizizi, halafu akashangaa mbona shamba haliendi mbele. Kuna mahali ambapo gozi yenye unyevu huachwa ikauke makusudi ili ikivutwa iondoke na nyama iliyokufa. Tatizo ni kwamba gozi haijui kuchagua. Inaondoka na iliyokufa na iliyo hai kwa pamoja, kwa hiyo njia hiyo haifai kugeuzwa desturi ya kila kidonda na kila siku. Na kama gozi imeshaganda, kuilowesha kwa salini, yaani maji ya chumvi ya hospitali, dakika chache kabla ya kuibandua hakuhitaji bajeti ya wizara.

Sisi wa kanda hii tuna sababu nyingine. Kuanzia Juni upepo wa Dodoma hauna mzaha. Vumbi linaingia kwenye sahani, kwenye macho, kwenye nguo zilizoanikwa. Kwenye kaya zenye mifugo, inzi hawasubiri kualikwa. Kumwambia mtu wa Bahi au Chemba aache kidonda kipate hewa maana yake ni kukiacha kipate hiyo hewa yetu, pamoja na vyote ilivyobeba.

Basi kifunikwe kwa kitu gani? Kidonda chenyewe ndicho kinachojibu, kwa kiasi cha maji kinachotoa. Mchubuko wa aliyeanguka na bodaboda, mpana lakini wa juujuu, unatosheka na gozi iliyopakwa vaselini, kisha gozi kavu juu yake ya kunyonya, kisha bandeji. Gozi hiyo ya mafuta haishiki nyama. Kidonda kinachotiririka kinataka kitu cha kunywa yale maji, kama bandiko la sponji au aljineti, inayotengenezwa kwa mwani wa kahawia na kugeuka ute inapolowa. Ukikiwekea kinachozuia maji yasitoke, ngozi ya pembeni itavimba, itageuka nyeupe na kuanza kumeguka. Kidonda kikavu chenye utando wa njano kinahitaji kuongezewa unyevu, na hapo jeli inafaa. Kilichochimba kijazwe kwa ulegevu mpaka chini, kwa sababu kikizibwa juu tu kitafunga mdomo na kuacha shimo ndani. Jeraha la moto lipozwe kwanza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala yai, ndipo lifunikwe. Hata ile krimu nyeupe yenye madini ya fedha, iliyotegemewa kwa moto miaka mingi, tafiti zilipokusanywa pamoja ilionekana kuchelewesha kupona ikilinganishwa na mabandiko kadhaa ya kisasa. Na aliyeng'atwa na mbwa asianze kufikiria bandeji: aoshe kwa sabuni na maji mengi dakika 15, kisha awahi chanjo.

Upande wa pili nao una hoja nzito, na wanaozidharau wanaukosea mjadala wenyewe. Gozi ipo kwenye zahanati, na mengi ya hayo mabandiko niliyoyataja hayapo. Anayefungua kidonda kila siku anakiona kila siku, na mahali ambapo mgonjwa hana simu wala jirani mwenye ujuzi, jicho la nesi ndilo ulinzi wake. Kidonda chenye maambukizi, yaani chenye wekundu unaosambaa, joto, usaha, harufu mbaya, au mgonjwa mwenye homa, hakitakiwi kufunikwa na kusahauliwa siku nne. Hicho kinahitaji kuangaliwa mara kwa mara, na wakati mwingine kinahitaji kisu na dawa kabla ya bandiko lolote. Kidole cha mguu kilichokufa kwa kukosa damu, kikawa cheusi na kikavu, kiachwe hivyohivyo mpaka daktari apime mishipa. Ukikilowesha unakaribisha uozo unaopanda juu. Kwa mgonjwa huyo, wazee wanaosema "kikauke" wako sahihi kabisa.

Hata hoja ya bei, kwamba mabandiko ya kisasa hayastahili gharama yake, ina ushahidi nyuma yake. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wa kuzuia maambukizi ya vidonda vya upasuaji, lilishauri vidonda vilivyoshonwa visifungwe kwa mabandiko ya kisasa badala ya ya kawaida kwa lengo hilo. Faida haikuonekana. Kwa vidonda vya miguu vya wenye kisukari pia, tafiti zilizolinganisha bandiko moja na jingine hazijatoa mshindi wa wazi. Anayemuuzia mgonjwa wa kisukari bandiko la bei kubwa kwa ahadi ya muujiza anamla pesa.

Ila tusichanganye mambo mawili. Kwamba bandiko la gharama halijashinda haina maana kwamba gozi kavu inayong'oa nyama imeshinda. Unyevu na utulivu havihitaji boksi lenye maandishi ya kigeni. Vaselini safi, gozi safi, na maji yaliyochemshwa yakapoa vinamfaa mtu mwenye kidonda cha kawaida. Spiriti na ile dawa inayotoa povu haina haja ya kumwagwa kila siku kwenye nyama inayoota, kwa sababu inaua seli tunazozisubiri.

Kisha kuna asali, ambayo kanda ya kati haiwezi kuiacha nje ya mazungumzo haya, hasa ukiwa na ndugu Singida au Manyoni. Ushahidi wake si wa kubeza. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2015 yalionyesha majeraha ya moto yasiyochimba sana yalipona siku nne hadi tano mapema kwa asali kuliko kwa mabandiko ya kawaida, na vidonda vya upasuaji vyenye maambukizi navyo vilipona haraka zaidi kuliko kwa dawa za kuua vijidudu na gozi. Kwa vidonda vingine jibu halijapatikana. Lakini asali ya hospitali hupigwa mionzi ili kuua vimelea vilivyolala ndani yake, na chupa inayouzwa barabarani haijapita huko, na pengine imechanganywa na sukari guru. Heshima yangu kwa asali ya Manyoni ni kubwa, na bado nisingemimina ya chupa hiyo kwenye kidonda kilichochimba.

Rudi sasa kwa yule wa siku nne. Mama anayetoka kijijini analipa bodaboda mpaka barabara kuu, kisha gari, kisha anapoteza siku ya shamba, na kesho anarudia. Wiki ya pili nauli inakwisha, anaacha kuja, na kidonda kinabaki na gozi ileile chafu kwa siku kumi. Ufungaji wa kila siku, ambao kwenye karatasi unaonekana ni uangalizi, kwake umegeuka kutelekezwa. Akifungwa vizuri Jumatatu, akaelezwa kwa lugha yake dalili tano za kumrudisha mapema, akaja Alhamisi, ana uwezekano mkubwa wa kuifikisha tiba mwisho. Maelezo hayo ndiyo yanayokosekana mara nyingi, na hapo lawama za ndugu kwenye benchi zina haki. "Rudi siku ya nne" bila sababu inasikika kama kufukuzwa.

Na lipo jambo ambalo pande zote mbili hulisahau zinapobishania bandiko. Kidonda cha unyayo wa mwenye kisukari hakitafunga kama bado anaukanyagia, uwe umetumia asali, gozi au sponji, kwa sababu mguu hausikii maumivu na kila hatua inakichimba upya. Kidonda cha juu ya kifundo kinachotokana na mishipa kushindwa kurudisha damu kinataka bandeji ya kubana, baada ya kuhakikisha damu inafika mguuni vizuri. Kidonda cha mguu wa mwenye kisukari kisipopungua kwa nusu ndani ya wiki 4, uwezekano wa kupona kwa njia ileile ni mdogo. Afadhali wiki hiyo ya nne apimwe sukari upya, mishipa na mfupa, badala ya kubadilishiwa aina ya bandiko kwa mara nyingine.